Nimechonga beti ya kriketi kwa mninga, nikichimba mgongo inakubalika?

FundiRanda
Habari za saa hizi wakuu. Mi seremala hapa Keko, kazi yangu vitanda na makabati, sasa kuna madogo wanacheza kriketi shuleni wakaniomba niwachongee beti (sio ya mkeka jamani) maana za dukani bei haishikiki. Nikatafuta kipande cha mninga, nikafata vipimo vya ile yao iliyovunjika, nikapiga randa na msasa ikatoka inang'aa kama meza ya bosi, kuja kuipima kilo mbili na ushee!! Dogo anainyanyua kama anatwanga mahindi. Sasa nawaza nichimbe mgongo katikati kama mtumbwi, niache nyama pembeni. Kuna mtu kashafanya? Sheria inasemaje?

Slipu_wa_Pili
Wamekuwahi fundi 😂 Gray-Nicolls, kampuni ya beti ya Uingereza, walitoa beti ya hivyo mwaka 1974, ikaitwa Scoop, mgongo umekombwa vilevile unavyosema wewe. Na faida sio wepesi tu, uzito ukiubakiza pembeni basi mpira ukigonga mbali na katikati beti haikuzunguki sana mkononi. Kuchimba ruksa. Wanachobana ni vipimo, urefu usizidi sm 96.52, upana 10.8, unene 6.7, ukingo sm 4, hizo mbili za mwisho wameziweka 2017 baada ya kingo kuwa nene kama matofali. Na bapa, ile sehemu ya kupigia mpira, liwe mbao

kijana_wa_gymkhana
Hiyo ya mbao mshukuruni Dennis Lillee, mchezaji wa Australia, 1979 pale Perth aliingia uwanjani na beti ya aluminiamu, kapteni wa Uingereza Brearley akalalamika inaharibu mpira, mwisho jamaa akairusha huko kwa hasira, mwaka uliofuata sheria ikaandikwa ubapa ni mbao tu. Na upana nao hivyohivyo, 1771 kuna jamaa alikuja na beti pana kama wiketi nzima (vile vijiti vitatu nyuma ya mpigaji), unamtoaje mtu kama huyo hahaha

FundiRanda
Duh. Na mianzi je? Shemeji yangu yuko Iringa anaweza kunitumia mzigo

Slipu_wa_Pili
Mwambie atume ulanzi tu. Watafiti wa Cambridge walitengeneza ya mianzi 2021 na wakasema inapiga vizuri kuliko ya kawaida, MCC, ile klabu ya London inayotunza sheria za kriketi, wakajibu mwanzi ni nyasi sio mbao, kwa hiyo hairuhusiwi

MzeeWaLinsidi
Fundi mwanangu, mgongo achana nao kwanza, tatizo lako ni mninga. Beti hutengenezwa kwa wilo, mti mwepesi, kisha ule uso unapitishwa kwenye rola unagandamizwa ukakomaa juu huku ndani bado laini, mpira ukigonga mbao inabonyea kidogo halafu inaurudisha. Mninga haubonyei, ukichimba utapata beti nyepesi lakini mkono utawaka vilevile, na ile sehemu uliyoipunguza ndo itapasukia. Na mpini umeunga au umechonga kipande kimoja? Zile za kweli mpini ni wa henzerani, umechomekwa kwenye ubapa kwa mkato wa V, ndo unameza mtikisiko.

FundiRanda
Kipande kimoja mzee 🙈 nilidhani ndo imara

MzeeWaLinsidi
Ndo maana. Tafuta msonobari mkavu, nyuzi zinyooke kutoka juu mpaka chini, usiwe na jicho hata moja, unga mpini, paka linsidi (mafuta ya mbegu za kitani) kidogo kidogo uache inywe, halafu ugongegonge uso kwa nyundo ya mbao siku kadhaa, taratibu, kingo pia. Hapo sasa chimba mgongo unavyotaka. Ila wachezee mpira wa tenisi, ule mgumu utaupasua.

kijana_wa_gymkhana
Afridi wa Pakistan alipiga mikimbio mia kwa mipira 37 Nairobi 1996 na beti ya kuazima, ya Tendulkar, yule nyota wa India. Madogo wasisingizie umbo

FundiRanda
Sawa wazee, msonobari upo kibao hapa. Ile ya mninga mama watoto kashaichukua anasema inafaa kupondea karanga. Jumamosi naleta picha

Slipu_wa_Pili
Piga kabla hawajaanza kucheza