Mrejesho: Krismasi ya kwanza Kibosho, Kilimanjaro, bila Mama

Ndugu zangu, nilipoomba ushauri kuhusu Krismasi yetu ya kwanza tangu Mama afariki, mlinielekeza tumwombee nia ya Misa, tusafishe kaburi kabla ya sikukuu, na kila mmoja asimulie kumbukumbu yake mezani. Nawashukuru kwa dhati.

Kaburi ndilo lililotufariji zaidi. Tarehe 24 wajukuu walifagia majani makavu ya migomba yaliyoangukia saruji, huku dada yangu akiwaonyesha mgomba ambako bibi yao alikuwa akikata ndizi za supu ya mtori, na hapo maneno yakaja yenyewe. Misa nayo ilikwenda vizuri. Jina lake lilisomwa.

Masimulizi ya mezani hayakufaulu. Baba alimsikiliza msimulizi wa kwanza tu, akaweka kijiko chini na kutoka nje, nasi tukanyamaza. Jioni, akiwa na baba mdogo na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, alianza mwenyewe kueleza jinsi alivyomposa Mama, akaendelea hadi usiku. Naona ushauri ule unawafaa watoto kuliko mgane, hivyo mwakani tutamwachia Baba achague wakati wake.