Ripoti ya usalama imetoka "sifuri" kwa sababu haikupima kitu, na mimi ndiye ninayetakiwa kusaini!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia. Niko Kigoma, tawi la taasisi ya mikopo ambayo makao yake yako Dar. Mkaguzi alitaka ripoti ya mianya ya kiusalama ya seva zetu. Seva tatu tu, zote za mfumo endeshi wa Debian 12, zimetulia kama maji ya mtungi. Nikajua ni kazi ya siku mbili. Leo ni siku ya kumi na tisa.

Nilichagua OpenVAS, skana ya kutafuta mianya, ile ya Greenbone, toleo la bure. Nikaijenga kutoka kwenye msimbo wake kwenye kompyuta ya pembeni yenye RAM ya GB 8. Hifadhidata inazozitegemea, PostgreSQL na Redis, zikakaa, ukurasa wake wa kuiendeshea ukafunguka kwenye poti (mlango wa mtandao) 9392. Nikashangilia peke yangu. Kumbe nimesimika ganda tupu! Skana hii haijui kitu mpaka ilishwe majaribio yake, na chakula chenyewe kinakuja kwa rsync (njia ya kunakili mafaili mtandaoni), poti 873. Fayawoli ya Dar, ukuta unaochuja mtandao wetu, imeifunga. Nikajaribu kupita kwenye proksi yao (seva ya kupitishia intaneti), nayo inapitisha poti 443 ya tovuti peke yake.

Nikaandika ombi: naomba mnifungulie 873 ya kutoka, kwenda anwani moja tu. Baada ya siku nne likaja jibu la mstari mmoja: "Poti hairuhusiwi kwa sababu za kiusalama. Ombi limefungwa." Yaani chombo cha kutafuta mianya kinanyimwa chakula kwa sababu za kiusalama!

Basi nikatumia simu yangu na bando langu. Nimekaa ofisini Mwanga mpaka saa nane usiku, mlinzi ananigawia muhogo wa kuchoma, data inajikokota. Umeme ukakatika mara mbili, ruta ikazima, nikaanza tena. Hilo sina ugomvi nalo, tumezoea.

Kinachoniuma ni hiki. Wakati mimi nahangaika, jamaa wa Dar wakasema "tutawapimia sisi huku huku". Wakapima kutokea upande wa pili wa fayawoli ile ile, ambayo inazuia ping, ule wito wa kuuliza kompyuta kama ipo hewani. Wanaoijua skana hii washacheka. Usipobadilisha mpangilio, kompyuta isiyojibu ping inahesabiwa imekufa, skana inairuka. Ikaja baruapepe kwa meneja: "Hongereni Kigoma, mianya 0." Nikafungua ile ripoti, nikaenda sehemu ya kompyuta zilizopimwa. Hakuna hata moja! Wamepima hewa, wakatupa hongera.

Nami nikapima toka ndani, nikaipa skana akaunti ya SSH (ya kuingia ndani ya seva) iweze kusoma vifurushi vya programu vilivyomo. Sisemi skana ni malaika. Kabla sijaipa akaunti iliisoma OpenSSH 9.2p1, programu ya hiyo SSH, kwa bango la nje tu (namba ya toleo inayojitangaza) na kupiga kelele, wakati Debian walishaweka kiraka cha mwanya wake uitwao regreSSHion mwaka 2024 bila kupandisha namba ya toleo. Yale nikayafuta. Lakini imenionyesha hifadhidata ya wateja iko wazi kwa mtandao mzima wa ofisi, hadi Wi-Fi ya wageni pale mapokezi. Nikachukua simu, nikajiunga na Wi-Fi hiyo kama mteja anayesubiri foleni, nikagonga 5432, poti ya hifadhidata. Ikaitika!

Nikampelekea meneja zote mbili. Akatazama ya Dar, akatazama yangu yenye mistari myekundu, akaniambia, "Kijana, wenzako wamepata sifuri, wewe unatafuta nini?"

Ijumaa natakiwa kusaini ile ya sifuri, jina langu likae chini kama afisa TEHAMA wa tawi. Hifadhidata nimeshaizuia mwenyewe jana jioni bila kumuuliza mtu, wakitaka wanifukuze. Ila kusaini sijui nifanyeje. Kuna mdau aliyewahi kumwandikia mkaguzi moja kwa moja bila kupitia kwa bosi? Ilikuwaje?