Simulesheni ya vyombo vya anga, mtu anafanya nini hasa kazini?

mzunguko_wa_chini: Wadau habari zenu, niko mwaka wa mwisho uhandisi wa anga na nimejikuta navutiwa na simulesheni kuliko injini, ila kuna mtu kaniambia hiyo ni kama kutengeneza gemu tu, chombo chenyewe hukigusi. Ni kweli? Na kwenye lugha za programu nianze na Matlab au C++?

torki: Gemu wapi mkuu 😂 picha za 3D mara nyingi hata hazipo, unaangalia grafu tu. Kazi yenyewe ni kuidanganya kompyuta ya chombo. Iko hapo mezani maabara imejaa nyaya, unailisha data feki za jairoskopu (sensa ya kupima chombo kinavyozunguka) na kamera ya nyota (inayoangalia nyota kujua chombo kimeelekea wapi), yenyewe inaamini iko angani inaamuru magurudumu yake ya ndani, yale ya kukigeuza chombo, yazunguke, unapokea ile amri unakokotoa chombo kingegeuka kiasi gani unairudishia, hivyo hivyo mara kibao kwa sekunde. Ukichelewa kidogo tu chombo kinaanza kuyumba, watu wanahangaika na programu ya chombo siku nzima kumbe tatizo ni simulesheni yako.

mzunguko_wa_chini: Duh. Sasa simulesheni ikisema poa mnaiamini vipi?

Kwaternioni: Hapo ndo penyewe. Cheki Hakuto-R, chombo cha Wajapani cha kutua mwezini, Aprili 2023. Walibadilisha eneo la kutua muundo ukiwa umeshapitishwa, na simulesheni hazikuzingatia vizuri ardhi ya njia mpya. Chombo kikapita juu ya ukingo wa kreta wenye kimo cha kama kilomita 3, kipimo cha urefu kikaruka ghafla, programu ikaona aah hii sensa mbovu ikaipuuza, basi ikajihesabia imefika chini wakati bado iko kilomita 5 juu, ikaendelea kushuka taratibu mpaka mafuta yakaisha ikadondoka. Sensa ilikuwa sahihi muda wote! Kwa hiyo anayelipwa vizuri huku ni yule msumbufu anayeuliza "hii hali tumeijaribu?"

torki: Kweli tupu. Kuhusu lugha, C++ na Python, Matlab utaikuta tu kazini. Andika propageta yako mwenyewe, yaani programu ya kukokotoa chombo kitakuwa wapi kwenye mzunguko wake, satelaiti ya kilomita 400 lazima izunguke dunia kwa dakika 92 hivi, isipotoka hivyo umekosea mahali. Halafu linganisha na GMAT, programu ya NASA ya kukokotoa safari za vyombo vya anga, ni ya bure. Na kwaternioni (namba nne za kueleza chombo kimegeukia wapi) usizikimbie, interviu watakuuliza.