TUPEANE UZOEFU: Udahili wa MD (shahada ya udaktari), mtoto ana PCB yake (Fizikia, Kemia, Biolojia) mkononi, sasa nini?

Wakuu habari. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, maswali ya udaktari ni yaleyale kila mwaka. Wanaoufahamu udahili vizuri wamwage utaratibu hapa, kwa vipimo. Zile habari za "mpwa wangu alipita na pointi kadhaa" tuziache, hazimsaidii mtu.

Wa Kimara
Tuanze na pointi, ndipo wazazi wengi wanapojichanganya. Kuna hesabu mbili. Ya NECTA, baraza la mitihani: A ni 1, B 2, C 3, D 4, E 5, na mwenye chache ndiye aliyefaulu zaidi. Ya TCU, tume ya vyuo vikuu, imegeuzwa: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kwa hiyo AAA ni divisheni wani ya 3 kwa NECTA, lakini TCU ni 15. CCC ni 9 kotekote. Njia ya mkato kwa masomo matatu yaliyo kati ya A na E: chukua 18, toa pointi za NECTA. DDD ni divisheni tuu ya 12, kwa TCU inakuwa 6, na hiyo 6 ndiyo sakafu ya MD katika mwongozo wa TCU, kwa Fizikia, Kemia na Biolojia. BAM (hisabati ya ziada) na GS (maarifa ya jumla) hazimo kwenye hesabu hii.

Wa Tabata
Naongezea hapo kwa mkuu wa Kimara: jumla peke yake haitoshi. Fungua mwongozo wa mwaka husika, nenda kwenye mstari wa chuo unachokitaka, soma daraja la chini la kila somo. Mfano: Biolojia A, Kemia B, Fizikia E. NECTA inampa wani ya 8, TCU pointi 10. Familia inachinja kuku. Kama mstari ule unataka D ya Fizikia, mfumo unamtupa nje, huku mwenye DDD akiruhusiwa angalau kupanga foleni.

Wa Mbagala
Naomba kuuliza, binti ana CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia), wani ya 5. Vipi?

Wa Kimara
Hapana mama, pole. Bila Fizikia MD haipo, hata angekuwa na A tatu. Aangalie programu nyingine za afya na sayansi ambazo hazidai Fizikia. Asipoteze ada za maombi kwa kubahatisha.

Wa Upanga
Kwenye mwongozo kuna safu ya nafasi, watu wanairuka. Kigezo cha chini ni ruhusa ya kuomba tu. Chuo kikishapata waombaji kinawapanga kwa ufaulu na kukata pale nafasi zinapoisha. Mwenye pointi 6 akiomba MUHAS (chuo cha Muhimbili) peke yake amejimaliza mwenyewe. Tangu 2017 maombi yanapelekwa moja kwa moja kwa kila chuo, si TCU kama zamani, basi tawanya: MUHAS sawa, lakini weka na vyuo vya Bugando (Mwanza), KCMC (Moshi), UDOM (Dodoma), Ifakara, na vya binafsi vya hapa mjini kama Kairuki kama mfuko unaruhusu.

Na jambo moja la watu wa Dar: MD ya UDSM inasomewa Mbeya. Kuna wanaoomba wakidhani mtoto atakuwa anapanda daladala kwenda Mlimani.

Wa Buguruni
Mimi nawasema hawa vijana wa steshenari. Mzazi anampeleka mtoto, kijana anajaza fomu haraka haraka, anaweka baruapepe yake na namba yake ya simu ili "asisumbuke". Anayedahiliwa zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba maalum ya siri kwa SMS, aingie kwenye akaunti ya chuo anachokitaka na kuithibitisha kabla dirisha halijafungwa. SMS inaenda kwa kijana wa steshenari, ambaye hata jina la mtoto hakumbuki. Weka namba ya mwombaji mwenyewe, na nywila iandikwe kwenye daftari la nyumbani. Kama mtoto yuko JKT, laini yake ibaki kwa mtu anayejua kinachosubiriwa.

SMS isipofika, usikae. Ingia kwenye akaunti ya chuo kimojawapo kilichomdahili, uombe kutumiwa tena.

Wa Gongo la Mboto
Wenye diploma ya Clinical Medicine msijifiche, mlango wenu upo. Unahitaji AVN, namba ya uhakiki wa diploma yako, kutoka NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), na hapa ndipo wengi hukwama: chuo kikichelewa kupandisha matokeo, AVN haitoki, na dirisha haliwasubiri. Anza kukisumbua chuo mapema. Pili, wanatazama na cheti cha kidato cha nne: Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia na Kiingereza, kila moja kuanzia D. Mtu ana diploma safi, halafu Hisabati ni F. Huyo arudie Hisabati kwanza kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Majina pia. Cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha sita vikitofautiana hata herufi moja, shughulikia sasa. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), na maombi ya mkopo yana dirisha lake tofauti na la chuo. Usingoje udahili ndipo uanze.

Wa Upanga
Wanaofuatwa na mawakala wa vyuo vya nje: kabla ya kulipa hata shilingi, ombeni cheti cha TCU cha kutokuwa na pingamizi. Wakala hatakwambia kwamba ufaulu wako haufiki. TCU watakwambia.

Wa Mbagala
Asanteni. Na akidahiliwa viwili, akasahau kuthibitisha?

Wa Buguruni
Nafasi inaachiwa. Ataomba awamu inayofuata kwenye programu zilizobakiwa na nafasi, na MD kufikia hapo huwa zimebaki za kuhesabu. Namba ya simu ni ya nani kwenye ile fomu, mama? Angalia leo.