CV inakataliwa dakika chache baada ya kutumwa: programu ya mchujo inasoma nini?

Hesabu_Safi
Wakuu, naomba kuelekezwa. Naomba kazi za uhasibu kupitia tovuti za waajiri. CV ni ukurasa mmoja wa PDF wenye safu mbili: kushoto picha, mawasiliano na ujuzi uliopimwa kwa nyota, kulia kazi nilizofanya. Jibu la kukataliwa linafika ndani ya dakika chache. Nirekebishe nini? Na kuficha maneno ya tangazo kwa maandishi meupe kunasaidia?

Mdau_Ajira
Mkuu, hapo kuna mambo mawili tofauti. Jibu la haraka hivyo mara nyingi halitokani na CV, linatokana na maswali ya fomu: kibali cha kufanya kazi, miaka ya uzoefu, cheti cha lazima. Mwajiri anaweza kupanga kwamba jibu fulani limtoe mwombaji papo hapo, na CV isifunguliwe kabisa. Wengi huponzwa na swali la uzoefu: wanataja miaka ya kazi ya mwisho tu, kumbe wangejumlisha kazi zote zinazohusiana wangefikia kiwango. Jumlisha zote, ila usiongeze chumvi, kwa sababu majibu hayo huhifadhiwa na msaili anaweza kuyalinganisha na CV yako.

La pili ni CV kutosomeka. Programu hutoa maandishi kwenye faili, kisha huyagawa: jina, simu, mwajiri, cheo, tarehe, elimu. Safu mbili zinaweza kusomwa moja kwa moja toka kushoto hadi kulia, ukapata kitu kama hiki:

*Excel Mhasibu Msaidizi Kiingereza 03/2019 – 06/2022 Kifaransa Kulinganisha hesabu za benki*

Hapo cheo chako kinaweza kuingia kama "Excel Mhasibu Msaidizi". Afisa ajira akitafuta "Mhasibu Msaidizi" kwenye sehemu ya vyeo, huenda usijitokeze. Nyota nazo hazina maana kwa programu. Andika "Excel: jedwali egemeo (pivot table), fomula za kutafuta data".

Pima hivi: fungua PDF, chagua maandishi yote, nakili, bandika kwenye Notepad. Mpangilio ukivurugika, hamia safu moja. Kama hakuna kinachochagulika, PDF yako ni picha tupu. Kagua pia herufi zilizoungana, kama f na i: kwa fonti fulani "ofisi" hutoka "o si", na neno hilo halitapatikana tena kwenye utafutaji. Dawa yake ni kubadili fonti.

Karani_wa_Faili
Naongezea. Kama unaandikia Word, usiweke simu na barua pepe kwenye eneo la kichwa cha ukurasa wala ndani ya kisanduku cha maandishi. Programu nyingine huyaruka maeneo hayo, unabaki mwombaji asiye na mawasiliano. Yaweke kwenye mwili wa ukurasa, chini ya jina. Vichwa vya sehemu viwe vya kawaida: Uzoefu wa Kazi, Elimu, Ujuzi. "Safari Yangu" haitambuliki. Tarehe ziwe na mwezi na mwaka, kwa mtindo mmoja mwanzo hadi mwisho.

Kuhusu maneno: andika CV kwa lugha ya tangazo, na utumie istilahi zake kama zilivyo, mradi kweli unaijua kazi hiyo. Chenye kifupi, andika jina refu na kifupi pamoja, kwa sababu hujui mtafutaji atatumia kipi. Na usiyarundike kwenye Ujuzi. Yaingize ndani ya kazi. "Nilihusika na masuala ya fedha" haisemi lolote. "Nililinganisha hesabu za akaunti 6 za benki kila mwezi na kuandaa taarifa za fedha kwa kufuata Viwango vya Kimataifa vya Taarifa za Fedha (IFRS)" inaonekana kwenye utafutaji na inamshawishi atakayeisoma.

Maandishi meupe achana nayo kabisa. Faili ikishasomwa rangi hupotea, na rundo lile la maneno linaonekana wazi kwa afisa ajira. Atakuona mdanganyifu, na sidhani kama atakuita.

Hesabu_Safi
Asanteni sana. Picha niiache? Na DOCX au PDF?

Mdau_Ajira
Picha itoe, isipokuwa tangazo limeiomba. Aina ya faili, fuata maelekezo ya tangazo. Yakiwa kimya, DOCX au PDF iliyohifadhiwa moja kwa moja kutoka Word zote zinafaa. Usichapishe halafu ukaskani.

Tena, tovuti nyingi zikipokea CV hujaza fomu zenyewe. Usibonyeze "endelea" kwa haraka. Kagua kila kisanduku: mwajiri akikaa penye cheo, au tarehe ya kumaliza ikiwa tupu, ndivyo programu ilivyokusoma. Sahihisha hapohapo kwa mkono, kisha urudi kurekebisha sehemu hiyo kwenye faili kabla ya ombi linalofuata.