Kikundi kinataka kumtoa mwenzetu kwa sababu "kila mtu anajua" ni yeye. Nipimeje?

Katibu_Mtaani
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri, Jumamosi tunapiga kura na mimi ndiye katibu.

Tuna kikundi cha kuweka na kukopa. Boksi lina kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mwanachama wake. Kikao kilichopita hesabu ilipungua 180,000. Mmoja wa washika funguo ni dada aliyehamia mtaani kwetu mwaka jana. Karibuni alinunua friji, na tulipokuwa tunahesabu alikaa kimya, ameinama. Basi, kufika jioni mtaa mzima unasema ni yeye. Mwenyekiti anataka atolewe na hisa zake, yaani akiba aliyoweka, zizuiwe, na hisa hizo ndizo ada ya mwanawe Januari.

Sina ushahidi kwamba ni yeye, wala kwamba siye. Kinachoniumiza ni kuwa kila nikimtazama sasa, namwona mwizi. Mtu anapimaje jambo kama hili kwa haki?

Mzee_Kijiweni
Lisemwalo lipo, katibu. Mtaa mzima hauwezi kukosea. Mtoeni kabla boksi halijakauka.

BiMwalimu
Mzee wangu, shikamoo, lakini mtaa mzima umesikia kwa nani? Kama wote wamelipata kwa mtu mmoja, hapo kuna shahidi mmoja tu, na huyo naye hakuona kitu. Halafu huo ukimya: angeongea sana si mngesema anajitetea kupita kiasi? Dalili inayomtia mtu hatiani akinyamaza na akisema haisaidii kujua lolote.

Msomaji_wa_Usiku
Nakazia hapo. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Peter Wason, akiwa London, aliwapa watu namba 2, 4, 6. Akawaambia zinafuata kanuni fulani. Waitafute kwa kutaja namba nyingine tatu tatu, naye atawaambia kama zinafuata au la. Wengi wakadhani ni kuongeza mbili mbili. Wakitaja 8, 10, 12, wanaambiwa sawa. Wakitaja 20, 22, 24, sawa. Wakatangaza jibu kwa uhakika, wakakosa. Kanuni ilikuwa namba zipande tu, basi. Mtu angetaja 1, 2, 9 angeshtuka, ila walijaribu zile tu zilizokubaliana na wazo lao.

Kikundi chako kimeokota friji, ukimya na ugeni. Katibu, tafuta jambo ambalo likiwa kweli, siye.

Mtunza_Hazina
Jambo lenyewe umeliandika mwenyewe hapo juu: kufuli tatu. Mwenye ufunguo mmoja hafungui boksi. Ama watatu walipanga, ama funguo zililala sehemu moja, ama kufuli ilichezewa, ama pesa haikupotelea ndani ya boksi kabisa: haikuingia, au ilitoka kihalali isiandikwe. Nimeshika hazina kwa muda mrefu, na hili la mwisho ndilo nililokutana nalo zaidi. Ila mkianza kikao na "nani kaiba?", mmeshakubaliana kwamba imeibwa, kilichobaki ni jina.

Kabla ya kura, kusanya vitabu vya wanachama wote, linganisha mihuri ya hisa na daftari kuu, kikao kwa kikao. Mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida, uhesabiwe peke yake.

Katibu_Mtaani
Ahsanteni sana. Hilo la kufuli hakuna aliyelitaja kikaoni, hata wale washika funguo wengine wawili. Na mfuko wa jamii tulitoa rambirambi kwa misiba miwili iliyofuatana. Nitaomba ukaguzi utangulie kura.

BiMwalimu
Na vitabu visipotoa jibu, andika kwenye muhtasari kwamba hesabu imepungua na chanzo hakijajulikana. Hisa zake msizishike.

Mzee_Kijiweni
Kagueni, sikatai. Lakini ufunguo apewe mtu mwingine kwanza.

Mtunza_Hazina
Sawa mzee. Basi wabadilishwe wote watatu, siku hiyo hiyo.