Mjadala: Sheria ya 1961 iliijenga Azhar au iliibomoa?

Mleta mada: Kuhusu Azhar, msikiti na chuo kikuu cha Kiislamu cha Kairo: Sheria namba 103 ya 1961, enzi za Rais Nasser wa Misri, iliongeza vitivo vya tiba, uhandisi, kilimo na biashara juu ya vile vitatu vya tangu 1930: Usuluddini (misingi ya dini), Sharia na Lugha ya Kiarabu. Sheria hiyohiyo ikalivunja jopo la wanazuoni wakubwa lililokuwapo tangu 1911, na Sheikh wa Azhar, yaani mkuu wake, akawa wa kuteuliwa na rais. Wakfu nazo zilikuwa zimeshaingia mikononi mwa serikali. Kwangu mimi, hasara ni kubwa kuliko faida.

Ukwaju: Hoja ya uteuzi ni dhaifu, ndugu. Kabla ya mapinduzi ya 1952 mfalme ndiye aliyemteua Sheikh. Wala serikali kuingilia masomo si jambo la Nasser: tangu 1872 mtu hakuwa alimu mpaka atahiniwe katika fani 11, kisha apangwe daraja moja kati ya tatu. Na hao madaktari waliohifadhi Qur'ani, ungewapata wapi bila 1961?

Msoma Bajuri: Mnabishania viti. Shida ni saa za masomo. Mwanafunzi wa sekondari ya Azhar, mchepuo wa sayansi, anabeba hisabati, fizikia na kemia za mtaala wa taifa, na juu yake fiqhi, tauhidi, tafsiri, hadithi, nahau na sarufi. Siku haikuongezwa, kwa hiyo kitabu ndicho kinachopunguzwa. Zamani sheikh aliketi penye nguzo ya msikiti, akasoma matni (maandishi ya asili), akaifungua kwa sharhe (ufafanuzi wake), kisha hashia (maelezo juu ya sharhe), na darasa halikusonga mpaka ibara, yaani kifungu, ieleweke. Hashia ya Bajuri juu ya sharhe ya Ibn Qasim, kitabu cha fiqhi ya Kishafi kinachosomeshwa pwani yetu mpaka leo, imetoka kwa mtu wa darasa la namna hiyo. Bajuri alikuwa Sheikh wa Azhar 1847 hadi 1860. Mwanafunzi anayesoma muhtasari tu anaijua hukumu ila hajui imejengwaje. Mpe ibara ya Bajuri isiyo na irabu, atakwama kwenye dhamiri, yaani kiwakilishi: huyu "hu" anamrudia nani?

Mshauri wa wanafunzi: Kwa wanafunzi wa kwetu wanaotaka kwenda Azhar, jambo ni muadala, yaani shahada ya sekondari ya madrasa yake iwe imetambuliwa na Azhar. Ikiwa nayo, anaingia kitivoni moja kwa moja. Ikikosekana, anapangiwa Maahadi ya Buuthi (taasisi ya Azhar ya wanafunzi wa kigeni) amalize kwanza sekondari, na kama Kiarabu hakitoshi anaanzia kwenye lugha. Wazazi wengi huuliza nauli kabla ya muadala, mtoto akapoteza miaka. Thibitisheni kwanza, na majina kwenye shahada na pasipoti yalingane herufi kwa herufi.

Ukwaju: Msoma Bajuri, hapo umenibana. Lakini dawa si kufunga tiba. Halaka za msikitini, yaani duru za darasa kama zile za zamani, zimefufuliwa. Anayetaka kitabu kizima anakipata huko.

Msoma Bajuri: Anakipata akiwa na nafasi. Mwanafunzi wa tiba hana.

Mleta mada: Nakubali kuhusu mfalme. Ila marekebisho ya 2012 yalirudisha jopo, wajumbe wasiozidi 40, na kulikabidhi kazi ya kumchagua Sheikh nafasi ikiwa wazi. Kama 1961 haikuharibu kitu, Wamisri walikuwa wanarekebisha nini?